Pweza Aliyejijaza

Siku ya tisa ya likizo, mwalimu aliingia sebuleni asubuhi akamkuta pweza wake ameshiba.

Jana yake alimwacha mtupu. Alikuwa ngozi tu ya uzi wa zambarau, macho mawili meusi ya plastiki yamekwisha kubanwa usoni, mikono minane inaning'inia kama soksi za mtoto, na chini kuna tundu la kuingizia sufi, li wazi. Alimtundika kwa kibanio kwenye kamba iliyopita dirishani, pamoja na wenzake sita: kasa, kaa, nyangumi, samaki taa, farasi wa bahari, na kiti cha pweza, yule kiumbe wa umbo la nyota, aliyetoka na ncha sita badala ya tano kwa sababu siku ile mwalimu alikuwa anagombana na mumewe kwenye simu. Sufi ilikuwa haijapatikana. Fundi magodoro alisema njoo Jumatatu, na fundi akisema Jumatatu, mwenye akili huelewa Alhamisi.

Wale sita walikuwa bado bapa. Pweza peke yake amejaa, kichwa kimekaza kama tikiti, na kamba imelegea mpaka mikono yake inagusa sakafu.

Mwalimu hakushtuka, na hilo ndilo kosa la kwanza. Mtu anayefundisha darasa la pili mwaka mzima, likizo ikimfikia hana tena nguvu za kushtuka. Wenzake miezi ya joto huenda kwa ndugu wakawamalizia sukari. Yeye alinunua kulabu na mabonge ya uzi, akaketi dirishani kufuma viumbe wa bahari ambayo hajawahi kuiona ila kwenye kitabu cha sayansi. Kila mtu na wazimu wake.

"Mama," alimwita mama mkwe wake, aliyekuwa jikoni anachambua mchele, "umemjaza pweza wangu?"

"Nimjaze nini? Mto wangu mwenyewe umebaki foronya tupu, nije nimshibishe pweza?"

"Basi nani?"

"Muulize mwanao. Humu ndani sisi ni watatu, na mmoja hasemi uongo kwa sababu hajajifunza."

Huyo wa tatu alikuwa binti wa miaka mitano ambaye mtaa mzima ulimwita Kibonge, na jina lilimstahili. Mashavu kama maandazi, mapaja ya kukunjana, ukimpakata unatafuta pa kuegemea. Baba yake alikuwa safarini na lori, kama kawaida ya wanaume wa malori: sauti nyingi, mwili kidogo.

"Amejijaza mwenyewe," Kibonge alisema. "Alikuwa anakunywa."

"Anakunywa nini?"

"Upepo."

Mama mkwe akacheka. Mwalimu naye akacheka. Akamshusha pweza kwenye kamba, na alipompokea mikononi kicheko kikakatika, maana alikuwa mzito kama nguo iliyoloweshwa, na baridi, na alinuka. Alinuka matope ya ufuo maji yakishakupwa, harufu ambayo mwalimu hakuwa na namna ya kuijua, lakini aliijua.

Hapo mwenye busara angemtupa. Mwalimu alikaa chini, akatunga uzi kwenye sindano, akalifunga lile tundu. Kazi iliyojaa hufungwa. Ndivyo mikono yake ilivyozoea, na mikono ikizoea haisubiri kichwa. Tena alikuwa na fahari moja katika kazi hii: ncha zake hazionekani. Wengine wakimaliza huacha mkia wa uzi unachungulia kama panya. Yeye aliupenyeza ndani, akaurudisha, akaupenyeza tena, mpaka hata yeye mwenyewe asingeweza kusema umeishia wapi.

Alipokaza fundo la mwisho, kitu ndani ya pweza kiligeuka, kama mtu anavyogeuka kitandani.

"Mama," alisema polepole. "Njoo ushike hapa."

Mama mkwe akaja, akashika, akaondoa mkono. Akaufuta kwenye kanga mara mbili.

Siku ile walimweka juu ya kabati. Saa saba mchana, wakati wa jua lile linalowalaza hata mbwa, nyumba nzima ilijilaza. Mwalimu alisikia tone. Likakaa. Tone jingine. Alidhani ni bomba. Alipoamka alikuta juu ya kabati hakuna kitu, na kwenye sakafu ya saruji kuna alama za majimaji, duara ndogo nane, kisha nane tena, kisha nane, zinatoka kabatini mpaka chumba cha mtoto. Kibonge alikuwa amelala, na pweza amelala kifuani pake, mkono mmoja wa uzi umemzunguka kifundo cha mkono mara tatu.

"Nani kakupa huyu?"

"Kaja mwenyewe. Ana njaa."

Walimtia ndooni na kumfunika. Kesho yake saa saba alikuwa kifuani. Wakamfungia stoo na ufunguo mama mkwe akaulalia. Saa saba alikuwa kifuani, na ufunguo umelowa.

Siku ya nne tangu pweza ashibe, mwalimu alimnyanyua mwanawe apate kunawa kwenye sinki, akatia nguvu alizozoea kutia, na mtoto akapaa nusura kichwa kigonge rafu. Mashavu yalikuwa pale pale, mapaja pale pale, ila uzito haukuwepo. Mwalimu akamweka juu ya meza, akamfunua fulana, akambonyeza tumbo kwa kidole, na kidole kikazama, kikazama zaidi ya pale tumbo la mtu linapokataa, na alipokitoa, shimo lilibaki, likajaa taratibu, taratibu, kama mto wa sufi unavyojirudisha baada ya mtu kuinua kichwa. Na pale kwenye kifundo cha mkono, ambako mwanzo alidhani ni alama ya kubanwa, aliona ngozi ya mwanawe imejipanga mistari, na kila mstari una vitanzi, vidogo, sawasawa, kimoja ndani ya kingine, kazi safi kabisa, na haina ncha.

"Mama!" aliita. "Mama, mtoto wangu anafumwa!"

Mama mkwe alitazama mara moja tu. "Vaa viatu. Twende kwa yule aliyekwambia Jumatatu."

"Kwa fundi magodoro? Ni mganga yule?"

"Ni mtu aliyejaza vitu vitupu maisha yake yote. Unamjua mwingine?"

Walikwenda jua likiwa utosini. Pweza alikuwa ndani ya ndoo, na wanawake wawili walishika kipini pamoja, wakasimama kupumzika kila nyumba tatu. Kibonge alikuwa mgongoni kwa mama yake. Mwalimu kila hatua mbili alipeleka mkono nyuma kuhakikisha bado yupo.

Fundi magodoro alikuwa mzee mwenye sufi kwenye nyusi, anapiga chafya kama anavyopumua. Alitazama ndani ya ndoo, akaacha kupiga chafya.

"Macho ulitia lini?"

"Wiki iliyopita."

"Na sufi?"

"Sikutia. Ulisema Jumatatu."

"Nilisema Jumatatu, sikusema utangulize macho!" Akashusha sauti. "Sisi foronya ya godoro ikishashonwa hailali tupu hata siku moja. Sufi isipofika, tunatia konzi moja, kipande cha gunia, chochote. Kitu chenye tumbo na mlango ni nyumba, mwalimu. Wewe ukaiwekea na madirisha, ukaitundika penye upepo. Unashangaa kupata mpangaji?" Akainama tena. "Na mlango uko wapi?"

"Nilifunga."

"Ulimfungia ndani?"

"Alikuwa amejaa," mwalimu alisema, akaanza kulia. "Kazi iliyojaa hufungwa."

Fundi alikaa juu ya gunia. Aliyefungiwa ndani lazima ale, na hakuna aliyehitaji kuambiwa anakula nini.

"Nimkate," mwalimu alisema. "Nipe mkasi."

"Ukikata, anatoka na alichokula, anakwenda zake. Huyo wa mgongoni atabaki foronya." Fundi alisogeza magodoro, akatandika mkeka, wakamlaza mtoto. "Fumua. Mkono uliofunga ndio ufumue, kuanzia ncha ya mwisho, kitanzi kwa kitanzi, na uhesabu kurudi nyuma bila kukosea. Kilichoingia bila hesabu hutoka kwa hesabu. Unaijua hesabu yako?"

Hiyo aliijua. Mwalimu huandika kila kitu. Pweza: vitanzi mia tisa na kumi na mbili.

"Basi tafuta ncha."

Na ncha haikuwepo. Alimgeuza pweza magotini, maji baridi yanamchuruzika miguuni, akapekua kwa kulabu, akapekua kwa kucha, akaulaani ustadi wake. Upepo ukapita mlangoni, mwepesi, wa kuinua sufi moja moja sakafuni. Mkeka ukabaki palepale, mtoto akasogea. Mama mkwe alimwahi kwa viganja viwili, akamkandamiza kama mtu anayezuia karatasi.

"Fanya haraka, mwanangu," alinong'ona. Miaka saba ya ndoa, hajawahi kumwita hivyo.

Kulabu ikagusa mahali chini ya mkono wa tatu, na Kibonge akapiga yowe.

"Hapo," fundi alisema. "Vuta."

Mwalimu akavuta. Ncha ikatoka, imelowa, inanuka. "Mia tisa na kumi na mbili. Mia tisa na kumi na moja."

"Mama," mtoto alilia, "mama unaniumiza, mama unanifumua!"

"Usinyanyue macho," mama mkwe alisema. "Si yeye. Mjukuu wangu huita mama mara moja tu, halafu hulala chini na kupiga mateke."

Mia nane. Mia saba. Uzi ulirundikana magotini. Sauti ya mtoto ikaacha kulia, ikaanza kuhesabu, kwanza pamoja naye, halafu mbele yake, halafu nyuma, mia sita na tatu, mia tano na tisini, mia sita na arobaini, ikicheka, ikiimba, ikiita tarakimu kwa sauti ya mume wa mwalimu, kwa sauti ya mama mzazi wa mwalimu aliyekufa, kwa sauti yake mwenyewe, na karakana yote ikajaa namba kama nzige, mpaka fundi akaziba masikio na mama mkwe akafumba macho huku viganja havitoki kifuani pa mjukuu. Lakini mwalimu alikuwa amehesabu miaka kumi na mmoja katikati ya kelele za watoto sitini, wanaojikojolea, wanaopigana, wanaotaka kalamu, na hajawahi kupoteza hesabu hata siku ya mvua ya mawe. Hakuharakisha. Hakunyanyua macho. Mia nne. Mia mbili.

"Anakuwa mzito," mama mkwe alisema. "Jamani, anakuwa mzito!"

Arobaini. Kumi na mbili. Sita. Tatu, mbili, moja.

Sauti zilikatika. Maji yalikuwa yamekauka sakafuni, na harufu ilikuwa ya sufi tu na vumbi. Kibonge alikuwa amelala mkekani, mapaja yamejaa nyama, ngozi ya mkono ni laini. Mama yake akambonyeza tumbo. Tumbo likakataa kidole, kama inavyopaswa.

Ila macho yake hayakufunguka. Na mkononi mwa mwalimu, mwishoni mwa uzi, kulikuwa bado na kitanzi kimoja.

"Uliruka?" fundi aliuliza.

"Sijaruka."

"Basi hicho si chako. Hukukifuma wewe. Kiache, nitakichoma."

"Na mtoto?"

"Ataamka."

"Lini?"

"Labda jioni. Labda kesho."

"Labda?"

"Mwalimu, mimi ni fundi magodoro."

Mwalimu alimtazama mwanawe. Alimtikisa. Akamwita, mara moja, mara mbili, akampuliza usoni, akamfinya sikio. Kifua kilipanda na kushuka, na ndani hapakuwa na mtu. Akakitazama kile kitanzi, kidogo kama tundu la sindano, kinatetemeka ingawa mkono wake ulikuwa umetulia.

"Usivute," fundi alisema. "Nakusihi, usivute."

Mama mkwe aligeuza uso ukutani.

Mwalimu akavuta.

Kibonge akafungua macho. "Mama," alisema, mara moja tu, akajilaza chini na kupiga mateke, kwamba anataka kula.

Wakaenda nyumbani. Walichoma uzi wote wa zambarau na wale sita bapa, na kulabu ikatupwa chooni. Mtoto alikula siku ile kama fundi wa ujenzi, na tangu hapo hajaumwa hata mafua. Shule ilipofunguliwa aliingia darasa la awali. Anacheza, anagombana, anadanganya kidogo sasa, kama watoto wote. Bibi yake humpima kwa kumpakata, na kila mara husema: ni yeye.

Ila kumwogesha, mwalimu hamruhusu mtu mwingine. Hujifungia naye bafuni na beseni la maji ya bomba. Akimaliza huchovya kidole, hukiweka ulimini, kila jioni, akitumaini leo yatakuwa maji matupu. Kisha humwaga yale maji ya chumvi mwenyewe, taratibu, bibi asisikie, na humfunga mwanawe taulo na kumbusu.