Mbele ya Nyumba ya Albina

Albina alikuwa anakoroga uji wa ulezi pikipiki iliposimama nje. Akafuta mikono kwenye khanga, akatoka haraka. Alikuwa anasubiri mgeni tangu alfajiri.

Wiki hiyo ilikuwa ya mwisho ya mwezi wa kumi. Mvua zilikuwa hazijaanza Sumbawanga, na upepo mkavu ulikuwa unarusha vumbi mtaa mzima wa Chanji. Albina na mumewe Kasmir walikuwa wanauza nyumba yao. Sababu ilikuwa mguu wa Kasmir. Kasmir alikuwa fundi mwashi. Kwa miaka ishirini alikuwa amejenga nyumba za watu mjini. Miaka miwili iliyopita alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, mguu ukavunjika. Ulipona, lakini asingeweza kupanda juu tena. Hivyo wakaamua kuhamia Mollo, kwenye shamba lao la mahindi na ulezi, karibu na mama mzazi wa Kasmir, ambaye alikuwa anaishi peke yake.

Aliyekuja na pikipiki alikuwa Obed, dalali wa nyumba. Nyuma yake alikuwa amekaa mnunuzi, bwana mmoja mwenye koti jeusi.

"Karibuni ndani," alisema Albina. "Uji uko tayari."

Yule bwana hakushuka. Alitazama nyumba akiwa palepale juu ya pikipiki. Hakutazama kwa muda mrefu.

"Kiwanja ni kizuri," alimwambia Obed. "Hicho kibanda nitakibomoa. Mwambie mzee anitajie bei ya kiwanja."

Kasmir alikuwa amesimama hatua tatu kutoka hapo. Alisikia kila neno. Aligeuka, akaingia ndani taratibu akichechemea.

Nyumba ile Kasmir aliijenga kwa miaka tisa. Siku za kazi alijenga za watu. Yake aliijenga Jumapili, baada ya Misa. Matofali aliyafyatua na kuyachoma mwenyewe. Ilikuwa na vyumba vitatu na sebule, na kona zake zilikuwa zimenyooka kuliko za nyumba yoyote mtaani. Sasa mtu alikuwa ameiita kibanda bila hata kuvuka geti.

Siku hiyo Kasmir hakunywa uji.

Jioni Albina alikwenda kwa Fransiska, jirani yake wa nyumba ya nne. Fransiska alikuwa na kitalu cha miche kando ya barabara. Kabla ya hapo alitunza bustani ya nyumba moja ya wageni mjini kwa miaka kumi na miwili. Alikuwa mdogo kwa Albina, mwenye maneno machache na macho makali.

"Shikamoo, mama Leonsi," alisema Fransiska, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja na uchungu wangu." Albina akamweleza yote.

Fransiska alinawa mikono. "Twende tukaione hiyo nyumba," alisema.

"Si unaijua?"

"Mimi ninaijua. Wewe ndiye umeacha kuiona. Twende."

Hawakuingia ndani. Fransiska alimvusha barabara, akamsimamisha ng'ambo, wakaigeukia nyumba.

"Jifanye hujawahi kufika hapa," alisema. "Niambie unaona nini."

Albina alitaka kucheka, lakini alitazama. Aliona magugu, kishona nguo na bangi mwitu, yaliyoota hadi usawa wa dirisha na kukauka. Aliona rundo la vipande vya matofali, ambavyo Kasmir alivirundika miaka yote akisema vitatumika. Aliona nguo zimeanikwa kwenye uzio, na banda la kuku kando ya geti. Ukuta wa chini ulikuwa mwekundu kwa matope ya mvua za mwaka jana. Mlango haukuonekana kabisa.

"Nyumba siioni," alisema kwa sauti ya chini.

"Hata yule bwana hakuiona," alisema Fransiska. "Mnunuzi anaanza kuamua akiwa hapa barabarani. Akiona magugu, anadhani na ndani hakuna anayejali. Anadhani paa linavuja, choo kimejaa. Labda si kweli, lakini hatashuka kuhakikisha."

"Baba Leonsi ni fundi. Kila mtu anajua."

"Mtu anayetoka mbali hajui. Ni lazima nyumba yenyewe imwambie."

Albina alirudi nyumbani, akamweleza mumewe. Kasmir alikunja uso.

"Nyumba ni ukuta na paa," alisema. "Nimpandie mtu maua ili anunue ukuta wangu? Asiyejua ukuta na aende."

"Baba Leonsi, nimesimama ng'ambo ya barabara. Ukuta wako hauonekani."

Kesho yake Albina alichukua jembe na fyekeo, akaanza peke yake.

Alifyeka magugu kwa siku mbili. Banda la kuku alilihamishia nyuma ya nyumba, na kamba ya nguo pia. Siku ya tatu ukuta ulitokeza, na madirisha yakaanza kupata mwanga. Albina akafurahi, akaingiwa na haraka. Alimwendea Limbu, mfugaji aliyekuwa na ng'ombe wengi pembezoni mwa mji. Limbu alileta mkokoteni mzima wa samadi. Albina hakusubiri. Alinunua miche sita ya waridi, akaipanda pembeni kabisa ya ukuta, akajaza samadi kwenye mashimo.

Baada ya siku nane majani yote yalikuwa yamekauka kama yamebabuliwa na moto.

Albina alikaa chini kwenye udongo. Aliona aibu hata kumwita Fransiska. Lakini Fransiska alikuwa anapita, akayaona mwenyewe.

"Hii samadi ni ya lini?" aliuliza.

"Limbu ameileta wiki iliyopita."

"Bado mbichi. Samadi mbichi ina joto, inaunguza mizizi. Irundike pale nyuma, ifunike kwa nyasi, igeuze kila wiki. Ikigeuka kuwa nyeusi, ikapoa, na harufu ikaisha, hapo ndipo imeiva. Mwulize Limbu, ana rundo la mwaka jana." Akachuchumaa, akapima kwa mikono kutoka ukutani. "Tena umepanda karibu mno. Ukimwagilia hapa, maji yanaingia kwenye msingi. Maua yakae mbali na ukuta, walau hatua moja kubwa. Miti usiipande kabisa karibu na nyumba. Mizizi inapasua."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mama. Ulikwenda kwa Limbu mbio." Wote wawili wakacheka. "Usiogope. Kupanda tusubiri mvua ya kwanza ishike ardhi. Kwa sasa tushughulike na maji. Bati lenu halina gata. Maji ya paa yanaanguka chini, yanarusha matope ukutani. Hapo yanapoangukia, chimba mfereji mwembamba, ujaze kokoto, uuelekeze kwenye mtaro wa barabara. Halafu tupate njia kutoka getini hadi mlangoni. Mgeni asiruke matope."

"Njia ya nini? Saruji ni ghali."

Fransiska alitazama lile rundo la vipande vya matofali.

Kasmir alikuwa amekaa mlangoni anasikiliza. Na yeye akalitazama. Kisha akasema, "Vile havitoshi kujenga ukuta. Lakini kwa kulaza chini vinatosha."

Asubuhi iliyofuata Albina alisikia mlio ambao hakuwa ameusikia kwa miaka miwili. Ulikuwa mlio wa nyundo ndogo ikichonga tofali. Alichungulia. Kasmir alikuwa amekaa kwenye kigoda getini, mguu mbaya ameunyoosha. Mbele yake alikuwa ametandika mchanga na kuweka pimamaji. Alikuwa anachagua kipande kimoja kimoja, anakichonga, anakilaza. Viwili vimesimama, viwili vimelala, kama mkeka unavyosukwa.

Albina alimletea chai, akalirudisha birika ndani, akasimama dirishani anamtazama.

Kazi hiyo haikuhitaji kupanda juu. Kasmir alikuwa anasogeza kigoda, analaza safu, anasogeza tena. Siku ya nne watu walianza kusimama. Mama mmoja aliyekuwa anatoka sokoni na kikapu chake aliuliza, "Fundi, hii unaweza kunifanyia na mimi?" Kasmir aliinua macho. "Nikimaliza ya mke wangu," alisema.

Kona moja ya nyumba ilikuwa na ufa, mrefu kama mkono. Ulitokana na maji ya paa yaliyolowesha msingi. Siku ya kupaka chokaa, Kasmir alitaka kuuziba juujuu na kuupaka ili usionekane. Albina alimshika mkono.

"Atakayenunua atalala humu na watoto," alisema. "Utaweza kumtazama usoni mkikutana sokoni?"

Kasmir alishusha brashi. Aliupanua ufa kwa patasi, akatoa udongo uliolegea, akaujaza saruji vizuri. Mfereji wa kokoto ulikuwa umeshachimbwa, maji hayakuwa tena na njia ya kufika hapo. "Atakayekuja nitamwonyesha," alisema.

Fransiska alikuwa na jambo moja zaidi. "Bustani itamfikisha mtu mlangoni," alisema. "Akishaingia ataomba karatasi. Hati yenu iko wapi?"

Ilikuwa chini ya godoro, ndani ya bahasha. Waliisoma pamoja mezani. Kwenye hati jina lilikuwa limeandikwa Kasmili. Kwenye kitambulisho chake cha Taifa lilikuwa Kasmir. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini ingeweza kuchelewesha kila kitu siku ya kuuza. Walikwenda kwa wakili, Kasmir akala kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Kisha wakaenda ofisi ya ardhi kuuliza kama kila kitu kiko sawa. Ofisa aliwaeleza pia kwamba nyumba ya familia haiuzwi na mume peke yake. Ridhaa ya mke inatakiwa kwa maandishi.

"Kwa hiyo bila sahihi yangu hauzi," alisema Albina njiani.

"Hata bila ofisa nisingeuza," alijibu Kasmir.

Mvua zilianza katikati ya mwezi wa kumi na moja. Zilipopiga siku tatu mfululizo, Fransiska alisema sasa wapande. Walipanda ukoka pande zote mbili za njia, kipande kwa kipande. Waridi mpya walizipanda mbali na ukuta, kwenye mashimo yenye samadi iliyoiva, wakafunika udongo kwa nyasi kavu ili unyevu usipotee. Kwenye uzio walichomeka vipandikizi vya mchongoma. Ile miche iliyoungua, miwili ilichipua upya. Albina aliihamisha, akaipanda getini.

Mwezi wa pili ulipofika, ukoka ulikuwa umefunga kama zulia. Waridi nyekundu zilikuwa zimechanua. Waridi hupenda baridi ya nyanda za Ufipa, nazo zilionyesha wazi. Nyumba ilisimama nyeupe, chini kijani, na njia nyekundu ya matofali ikimwongoza mtu hadi mlangoni. Watoto waliokuwa wanatoka shule walitembea juu ya ile njia kwa kuhesabu matofali. Majirani wawili walikuwa wamefyeka mbele ya nyumba zao.

Obed alikuja kupiga picha. Alizunguka mara mbili. "Mama," alisema mwishowe, "hii ndiyo ile nyumba?"

"Haikuwahi kuwa nyingine," alisema Albina.

Wiki hiyohiyo alifika mama mmoja aitwaye Edith. Alikuwa muuguzi. Alifanya kazi miaka mingi Kirando, kando ya ziwa, na sasa alikuwa amehamishiwa mjini pamoja na wanawe. Alishuka kwenye bajaji, akasimama ng'ambo ya barabara, palepale alipokuwa amesimama Albina siku ile. Alisimama muda mrefu. Kisha akavuka.

"Shikamoo baba, shikamoo mama."

"Marahaba, karibu."

Alitembea juu ya njia polepole, akitazama chini. Alizunguka nyumba nzima. Kwenye kona alisimama.

"Hapa palipasuka?"

"Palipasuka," alisema Kasmir. Akamwonyesha ufa ulivyokuwa, maji yalikotoka, alivyouziba na mfereji unavyofanya kazi. "Usiache majani yauzibe. Usafishe kila mwaka kabla ya mvua."

Edith alimtazama. "Nyumba tatu nimeziona mjini hapa. Zote nimeambiwa hazina ubovu wowote. Wewe ndiye wa kwanza kunionyesha." Akaugusa ukuta. "Nani alijenga?"

"Mimi," alisema Kasmir. Alikuwa amesimama wima kuliko Albina alivyomwona kwa muda mrefu.

Mkataba ulisainiwa mbele ya wakili. Kasmir alitia sahihi, Albina akatia yake, na malipo yakapita benki. Bei ilikuwa ya nyumba, si ya kiwanja. Iliwatosha kujenga Mollo na kununua maksai wawili kwa Limbu. Kasmir alikuwa ameshaahidiwa kazi ya kulaza njia sita mjini, moja ikiwa ya zahanati. Alikuwa amepanga kuja siku mbili kila wiki.

Kabla ya kuhama, Kasmir aliona pale getini panahitaji kizingiti. Alikimimina kwa saruji asubuhi. Edith alikuwa amekuja kuleta mizigo yake ya kwanza.

"Baba," alisema, "andika jina lako hapo kabla hapajakauka. Wanangu wajue."

Kasmir alichukua msumari. Aliinama, akaandika taratibu, kama mtu anayechonga. Albina alisogea asome. Aliona maneno manne.

*Kasmir alijenga. Albina alipanda.*

Aliyasoma mara mbili. Kisha akaenda kumfundisha Edith namna ya kupogoa waridi.