Waliolikosa Giza

Mtaa wa mafundi si mahali pa kwenda na gauni jipya, na msusi alilijua hilo, lakini siku hiyo alilivaa tu: gauni la rangi ya haradali lenye mifuko mikubwa, na viatu vya kamba. Nyundo zinalia huku na huku, wachukuzi wanapita na mabomba begani wakidai njia, naye katikati yao anauliza kila kibanda kama wana kioo cha barakoa ya kuchomelea, kile cheusi kuliko vyote. Wakamcheka. Mmoja akataka kujua tangu lini wasusi wakachomelea nywele.

Ndipo nyuma ya geti ambalo halijakamilika akainuka kijana mrefu, ovaroli yake imetobokatoboka kwa moto kama nguo iliyoliwa na nondo. Wenzake walimwita Cheche. Akaifunua barakoa yake, akamtazama yule dada kwa utulivu.

"Cha nini, bibie?"

"Cha kupigia picha jua. Mwezi ujao litapatwa."

Cheche hakucheka. Alimtafutia kioo, akamwambia aitazame taa kali kupitia kioo hicho mpaka msusi akakiri kwamba haoni kitu, kisha akamwambia ajaribu, na picha ikitoka arudi amwonyeshe. Ujanja wa mwanamume huo, nani asiyeujua, ila ulikuwa ujanja wa heshima.

Na msusi akarudi, tena mbio. Pichani jua lilikuwa limetoka kijani kibichi kama ndimu, kwa sababu ya kile kioo. Cheche alicheka mpaka akakaa chini, msusi naye akacheka, na hapo ndipo mambo yalipoanza.

Basi zikawa simu asubuhi, simu mchana, simu jioni. Msusi anasuka huku simu ameibana begani, na wateja wakazoea kusukwa kwa kicheko. Cheche alimwita mboni yangu. Msusi alimwita fundi, kwa sauti ambayo mafundi wengine hawajawahi kuitwa. Kamera yenyewe ilikuwa ya mitumba, aliyojifunzia mwenyewe kwa kupiga picha misuko ya maharusi, na jua lililofunikwa lote alilisubiri tangu utotoni. Cheche akamchomelea stendi ya miguu mitatu, nzito kama ng'ombe, kwa mapenzi.

Shangazi yake msusi, mwenye saluni, alimpenda huyo kijana, lakini alimwonya mpwa wake kwamba mwanamume mpole achunguzwe siku akiwa na hofu. Alikuwa na sababu. Msusi aliwahi kuchumbiwa na bwana mmoja aliyemsaidia mno: akamsaidia kuchagua marafiki kwa kumpokonya simu, akamsaidia kupumzika kwa kumwachisha kazi. Yote kwa faida yake, eti. Siku aliyomrudishia pete aliapa hatapendana tena na mkono unaonyang'anya. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Siku ikafika. Juu ya paa la jengo la saluni walijaa majirani, wamebeba viti na mikeka. Cheche ndiye aliyepewa kazi ya kushika kioo mbele ya lenzi. Msusi alikuwa amemweleza kwenye simu, akamweleza tena ngazini: jua likifunikwa lote, kioo kinatolewa, maana hapo hakuna tena cha kuunguza macho, na kamera ikiachwa nyuma ya kioo haitaona chochote. Kila mara Cheche alijibu sawa, mboni yangu. Kumbe ilikuwa sawa ya mdomoni. Katika kazi ya kuchomelea barakoa haifunuliwi mpaka moto uzimike, na alipokuwa mwanafunzi aliwahi kuifunua mapema, akashinda na kulala akilia, macho kama yamejazwa mchanga.

Jua likamegwa taratibu. Msusi akapiga picha za vipande vya kijani, kimoja chembamba kuliko kingine. Upepo ukapoa. Ndege wakanyamaza. Halafu giza likadondoka, na paa zima likapiga ukelele.

"Toa," msusi akasema.

Cheche hakutoa. Msusi akakivuta kioo. Cheche akakirudisha, akaifunika lenzi kwa kiganja, na kwa mkono mwingine akamwinamisha msusi kichwa. Jamani, kulia kwao shangazi analia kwa furaha, kushoto watu wanaonyeshana nyota mchana, nao wawili wameinama wanagombania kipande cha kioo kama watoto. Msusi alipofanikiwa kuinua uso, mwanga ulikuwa umeshachomoza pembeni mwa jua, na majirani wanapiga makofi. Pengine katika mji mzima ni hao wawili tu waliolikosa giza.

"Niliogopa macho yako yataungua," Cheche akasema.

"Macho yangu ni yangu. Nilikwambia, ukaitikia. Kama hukuniamini, si ungeniuliza?"

Akakusanya vitu vyake, akashuka. Ile stendi aliiacha paani, na shangazi akaiburuza mwenyewe huku akimlaani aliyeichomelea.

Zikafuata siku za simu kuita mpaka kuchoka. Mara moja msusi alipokea, lakini Cheche akaanza kueleza jinsi moto ulivyo hatari na jinsi alivyokuwa na haki ya kuogopa. Msusi akakata. Usiku alilia, si kwa ajili ya picha. Alilia kwa sababu alimpenda yule mtu, na mkono wake ulikuwa umefanya kile kile alichoapa kukikimbia. Picha ingeweza kusameheka. Je, mkono?

Jumamosi moja, saluni imejaa, msusi alipanda juu ya kigoda kutundika ukutani picha ya kipande cha jua la kijani, nyundo mkononi na msumari mdomoni. Cheche akaingia. Shati jeupe limepigwa pasi, kichwa kimenyolewa, kucha zimesuguliwa mpaka zimekubali kutakata. Akasalimia, akamwamkia shangazi, kisha akakiona kigoda: mguu mmoja mfupi, kinacheza.

Mikono yake iliinuka yenyewe. Msusi aliiona, akajikaza. Cheche naye akaiona, akairudisha nyuma ya mgongo.

"Nishike kigoda," akauliza, "au nikae mbali?"

Mteja mmoja akatoa kichwa kwenye mashine ya kukaushia nywele ili asikie vizuri.

"Shika kigoda. Mimi usinishike."

Akapiga magoti, akakishika. Msusi akaanza kugonga msumari, polepole. Cheche akazungumza na sakafu. Alisema amezunguka kwa majirani wote waliokuwa paani, mmoja mmoja, kuwauliza waliona nini, na kila aliposimuliwa alizidi kujua alichomnyima.

"Nilikunyang'anya," akasema. "Nimekuwa nikisema niliogopa, na kweli niliogopa. Lakini pia nilidhani najua kuliko wewe. Hapo ndipo nilipokosea. Nisamehe."

Nyundo ikasimama. Yule mchumba wa zamani hakuwahi kulitamka neno nisamehe hata kwa bahati mbaya.

"Litapatwa tena," Cheche akaendelea, "nchi nyingine, miaka michache ijayo. Nataka nije na wewe. Sijui kama unanitaka. Na kama unanitaka, sijui nije kama nani."

"Unaniposa ukiwa umeshika kigoda?"

"Nikikiachia utaanguka."

Wateja wakaangua kicheko. Shangazi akawanyamazisha kwa kitana, machozi yanamlengalenga.

"Na giza likiingia," msusi akauliza, "utafanya nini?"

"Nitakusikiliza. Na nikiogopa, nitakuuliza."

Msumari ulikuwa umeshaingia zamani, hata hivyo msusi akaugonga mara moja tena, ili apate nafasi ya kukaza sauti. Hakufaulu.

"Basi uje kama mume wangu," akasema, akaweka nyundo rafuni na kumnyooshea mikono yote miwili. "Sasa nishike, nishuke."