Uzi wa Kijani

Kila Jumamosi, kabla Mama hajafungua kibanda chake cha kushonea, mimi nilikuwa nimeshakunywa chai na nimeshamwuliza mara tatu kama nguo zangu za majini zimekauka.

"Wewe mtoto," Mama alikuwa akisema huku akiitia cherehani yake mafuta, "siku moja ulimi wako utaota malengelenge."

Ndiyo maana kwenye klabu ya mashua waliniita Cherehani. Mama alishona nguo, mimi nilishona maneno, na kati yetu hakuna aliyejua kupumzika.

Klabu yenyewe ilikuwa banda la mabati kando ya ziwa. Ndani yake kulikuwa na mashua ndogo kumi na mbili za mbao, kila moja ya kubeba mtoto mmoja na tanga moja. Aliyeziunda na kutufundisha alikuwa seremala mmoja mzee mwenye vidole tisa, nasi tulimwita Fundi. Ukimwuliza kidole cha kumi kilikwenda wapi, alijibu, "Siku hiyo nilikuwa na haraka."

Fundi alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeichezea: hukagui mashua yako mwenyewe, mwenzako ndiye anayeikagua. Alisema macho ya mtu huionea huruma mali yake. Ndani ya kila mashua kulikuwa na mifuko mitatu ya hewa, miwili ubavuni na mmoja nyuma. Hiyo ndiyo inayoiweka mashua juu ikipinduka na kujaa maji. Siku moja kabla ya mashindano, mkaguzi aliijaza mifuko ya mwenzake upepo kwa pampu, akaibonyeza kwa gumba. Kisha mashua zilikaa kivulini saa tatu nzima, naye akarudia kuibonyeza, kwa sababu mfuko unaovuja polepole hujificha mara ya kwanza. Baada ya mbonyezo wa pili tu, alifunga uzi wake kwenye mkanda wa mfuko. Kila mtoto alikuwa na rangi yake, na wangu ulikuwa wa kijani, nilioukata kwenye bobini ya Mama. Mwenye mashua akishauona uzi, haruhusiwi kugusa tena. Kugusa kulikuwa sawa na kumwambia mwenzako kuwa ni mwongo.

Mwenzangu alikuwa msichana wa miaka kumi na minne tuliyemwita Kimya. Alikuwa akiweza kumaliza asubuhi nzima kwa maneno manne, na mawili kati ya hayo ni "asante" na "tayari". Juu ya maji hakuna aliyemkaribia. Nilimpenda, na nilimwonea wivu pia. Siwezi kusema kipi kilikuwa kikubwa.

Mwaka huo klabu yetu ilialikwa kwa mara ya kwanza kwenye mashindano makubwa, yenye watoto arobaini kutoka klabu nane. Watatu wa kwanza wangekwenda kambi ya mwezi mzima, kufundishwa na makocha wa timu ya taifa. Umri wa mwisho ulikuwa miaka kumi na minne. Mimi nilikuwa na kumi na miwili, kwa hiyo nilikuwa na miaka mingine mbele yangu. Kimya alikuwa na mwaka huo tu.

Tulijiandaa kwa wiki sita. Fundi alitupindulia mashua makusudi, nasi tukazikwea na kuziinua mpaka mikono ikatetemeka. Mama alinishonea kiraka kwenye tanga usiku mbili mfululizo. Tatizo langu lilikuwa kuanza. Filimbi ikilia, wenzangu walikwenda, mimi nikabaki nimeshikilia kamba kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani.

Ijumaa, siku moja kabla ya mashindano, niliijaza mifuko ya Kimya saa saba mchana, jua likiwa kali. Nikaibonyeza, nikaiona imekaza kama ngoma. Ilipofika saa kumi, Fundi alitangaza, "Aliyemaliza ukaguzi anaweza kutoka mara moja afanye mazoezi ya kuanza. Aliyemaliza, nimesema."

Nilitazama maji. Upepo ulikuwa mzuri ajabu. Nikajiambia, mfuko uliokaza saa saba utapungukia wapi saa kumi? Nikafunga uzi wa kijani, mmoja, wa pili, wa tatu, bila kuweka gumba popote. Na nikiwa mkweli leo, kulikuwa na kisauti kingine ndani yangu, kikisema kwamba Kimya hahitaji msaada wa mtu.

Nilipogeuka nilimkuta ameinama ndani ya mashua yangu, mikono imejaa mafuta.

"Kizibo chako cha chini kina ufa," alisema. "Nimeweka changu cha akiba."

"Asante dada! Yako iko safi. Nimebonyeza mara mbili."

Alitazama nyuzi zangu, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Asante." Nikakimbilia majini.

Kesho yake baba yake Kimya alikuja. Alikuwa dereva wa gari la mikate, na katika miaka yote mitatu ya Kimya klabuni hakuwahi kumwona mwanawe akishindana. Safari hii aliomba ruhusa ya nusu siku. Alisimama ufukweni na sare yake ya kazi, unga ungali mabegani, akimwonyesha kila mtu: "Yule wa tanga namba saba. Wangu yule."

Filimbi ililia nikaanza vizuri, kwani mazoezi ya jana yalinisaidia kweli. Tulipozunguka boya la pili, Kimya alikuwa wa kwanza na mimi wa sita. Hapo ukaja upepo wa ghafla ukapindua mashua nne kwa mpigo, na ya Kimya ilikuwa miongoni mwao. Sikushtuka. Kuinua mashua kwake ilikuwa kazi ya nusu dakika.

Aliiinua kweli. Lakini mashua ililala upande wa kushoto, ukingo wake chini ya maji. Alichota maji kwa kopo, na kila kopo alilomwaga nje, mengine mawili yalirudi ndani. Nilipomkaribia, nikauona mfuko wa kushoto umenywea, umelala kama soksi. Uzi wangu wa kijani ulikuwa juu yake, umefungwa vizuri.

"Cherehani!" aliniita. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. "Mfuko!"

Nilitazama mbele, nikampita.

Boti ya uokoaji ilimvuta hadi ufukweni, na mashua ikishavutwa haihesabiwi tena. Mimi nilimaliza wa tatu. Watoto wa klabu walinibeba juujuu, Mama alilia kwa furaha, na mimi nilicheka kwa mdomo tu.

Fundi hakucheka. Alikuwa amechuchumaa kando ya mashua namba saba, mfuko ule mkononi.

"Uzi huu ni wako?"

"Ndiyo, Fundi."

"Ulibonyeza mara ya pili?"

Nilikuwa na nafasi hapo. Neno moja tu lilihitajika, mimi mwenye maneno ya kujaza gunia.

"Nilibonyeza," nikasema.

Fundi alimgeukia Kimya. "Basi uligusa baada ya mwenzako?"

"Sikugusa," alisema Kimya.

Baba yake alijipangusa unga begani, akasema, "Twende. Gari lina mikate."

Jumapili nilikaa kibandani nikimtazama Mama akishona. Alisimamisha mguu.

"Toka asubuhi hujasema kitu. Sindano imevunjika?"

Nikamwambia yote. Nilidhani atanichapa, lakini alifunika tu cherehani kwa kitambaa, katikati ya gauni la mteja, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Uzi ule ulitoka kwenye bobini yangu," alisema. "Vaa viatu."

Tulimkuta baba yake Kimya mlangoni akisafisha viatu vya kazi, naye Kimya ameketi ndani na kitabu. Nilisema maneno yangu nimesimama. Yalikuwa machache, na yalinichukua muda mrefu kuliko hadithi yoyote niliyowahi kusimulia. Nilipomaliza, baba yake aliweka brashi chini.

"Jana nilimwita mwanangu mzembe," alisema. "Njia nzima, toka ziwani mpaka hapa. Nilimwambia nimepoteza nusu siku yangu bure." Alimgeukia binti yake. "Mama, nisamehe."

"Niliwaambia sikugusa," alisema Kimya. Akafungua kitabu chake. Mimi hakuniangalia.

"Dada, nisamehe na mimi," nilisema.

Aligeuza ukurasa.

Jioni hiyo tulikwenda kwa Fundi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akawapigia simu waandaaji na kuwaambia klabu yake haitapeleka mtoto kambini. Mama hakumpinga.

"Basi nafasi yangu apewe Kimya!" nikasema, machozi yakinitoka.

"Kimya hakumaliza mbio. Ataipata aliyeshika nafasi ya nne. Mvulana wa klabu nyingine, hata simjui."

"Kwa hiyo kusema kwangu hakujasaidia chochote?"

Fundi alinionyesha benchi niketi, na yeye akaketi.

"Ulitaka ukweli ufanye kazi ya uchawi," alisema. "Sikiliza, mwanangu. Maji yakimwagika hayazoleki. Mashindano ya Kimya yamekwisha, na hakuna mtu atakayempa mengine. Ungesema Ijumaa, ingekugharimu mazoezi ya saa moja. Ungesema Jumamosi, ungeaibika wewe peke yako. Umesema Jumapili, baada ya mtu asiye na kosa kulala na jina la uzembe. Bado ni afadhali kuliko Jumatatu. Jina lake limesafika, na hilo si dogo. Lakini ukweli una saa yake. Kila unapouchelewesha, kuna mtu mwingine anakulipia." Akainua mkono wake wenye vidole vinne. "Mimi haraka yangu ilinikata mwenyewe. Nilikuwa na bahati. Ya kwako imemkata mwenzako."

Jumamosi iliyofuata aliwakusanya watoto wote, nami nikarudia maneno yangu mbele yao. Toka siku hiyo kila mtoto hufunga uzi wake mbele ya macho ya mtu wa tatu, na hakuna mfuko uliowahi kunywea tena klabuni kwetu.

Mwaka uliofuata nilishindana, nikawa wa kumi na moja. Kimya alikuwa amepita umri, ila Fundi alimwomba abaki kuwasaidia wadogo, na akakubali. Tunafanya kazi pamoja. Ananisalimu, na siku nyingine ananikatia nusu ya mkate wake.

Lakini kila ninapomaliza kukagua mashua na kufunga uzi wa kijani, yeye hupita nyuma yangu taratibu, anainama, na kubonyeza kila mfuko kwa gumba lake. Sijawahi kumwambia aache. Mimi husimama tu pembeni, nikingoja mpaka amalize.