Kitambaa cha Ndani ya Rimu

Harufu ya asumini ilimjia Badi kutoka mgongoni, karibu kabisa. Akatabasamu, akidhani ni mkewe. Kisha akamwona Shekha mbele yake, hatua hamsini hivi, anakanyaga pedali huku mtandio ukipepea. Nyuma ya Badi hapakuwa na kitu ila hema lililofungwa kwenye keria, na mashamba ya katani ya Vipingo kulia na kushoto.

Ilikuwa mwaka wa 1984, nao walikuwa maharusi wa majuzi. Badala ya kutulia ndani fungate yao kama watu, waliazima hema wakashika njia kutoka Mombasa kwenda kwao Mambrui kwa baiskeli, wakilala ufukweni. Wazee walisema wee mpaka wakachoka. Badi alikuwa mwalimu, na mwalimu haambiliki.

Asubuhi ile, karibu na Kuruwitu, tairi lake la nyuma lilikuwa limepata pancha. Utepe wa rimu ulikuwa umeoza, spoki zikatoboa tyubu kwa ndani. Mdomoni mwa pango walipolala palikuwa na kitambaa chekundu kimefungwa kwenye jiwe, na chini yake bisi na kichupa cha marashi. Kila mtoto wa pwani anajua vitu hivyo haviguswi. Shekha alimkataza. Badi akacheka, akakichana, kipande kirefu akakizungusha ndani ya rimu, na kwa chembamba akamfunga Shekha suruali kwenye kifundo cha mguu isije ikaliwa na mnyororo.

Sasa jua la saa sita lilikuwa utosini, na baiskeli imekuwa nzito.

"Shekha," akapaza sauti. "Hebu kaa nyuma yangu, uniangalilie keria."

Shekha akapunguza mwendo, akakaa nyuma yake, akaona tairi limebonyea hadi karibu na rimu, na hema limedidimia kama godoro lililokaliwa, na kila walipopita shimo keria ililia na ule mdidimio ukasogea mbele kidogo, ukasogea tena, mpaka shati la Badi likakunjika kiunoni, upande huu na upande huu, likashikwa na mikono ambayo Shekha hakuiona.

"Waona nini?"

"Usigeuke, mume wangu," akanong'ona. "Kanyaga tu."

Badi alikanyaga mpaka njia panda ya Takaungu, akaanguka. Midomo ilikuwa ya kijivu, na pumzi zinakuja moja moja. Watu wakambeba hadi kwa Bi Nyevu, mganga aliyekaa jirani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmechukua nini pangoni?"

Shekha akasema yote huku analia.

"Huyo jini nilimtoa mimi kwenye kifua cha mtu, kule Vitengeni," Bi Nyevu akasema polepole. "Nikamfunga pale. Chakula chake ni pumzi. Nenda ukarudishe kitambaa, chote. Ukibakiza hata uzi utakuwa umemkaribisha wewe mwenyewe, na hapo mimi sina dawa."

"Mume wangu atapona?"

"Ukiwahi."

Shekha alibandua tairi kwa mpini wa kijiko, akatoa kitambaa, akakitia kifuani. Alipanda baiskeli yake mwenyewe akarudi kule pangoni akisoma Ayatul Kursiy kwa sauti, akakifunga kwenye jiwe, akageuza. Njia nzima pedali zilikuwa nzito. Akajiambia ni uchovu.

Alimkuta Badi amekaa, anakunywa dafu. Shekha akamkumbatia mbele za watu, wala hakuona haya.

"Nisamehe, mke wangu," Badi akasema.

Kabla ya magharibi walikuwa Kilifi, wameshaingia ferini. Badi alichana leso kuukuu akaitia kwenye rimu, na baiskeli yake ikateleza bila shida. Feri ikaacha gati. Badi akamsogelea mkewe, akavuta pumzi ndefu kwa raha.

"Leo wanukia asumini."

Shekha hakuwa amejipaka kitu. Akainamisha macho. Kwenye pindo la suruali, kifundoni, fundo jekundu lilikuwa bado limekazwa. Hapo hapo keria ya baiskeli aliyoishikilia ikalia, na tairi la nyuma likabonyea taratibu mpaka rimu ikakaribia sakafu.

Akafungua mdomo amwambie mumewe. Pumzi haikutoka.