Rejeta Baridi

Shitanda alikuwa amekwisha kunawa mikono kwa mafuta ya taa na kukusanya spana zake aliposikia gari likija. Alilitambua kwa mlio kabla hajaliona. Lilikuwa Peugeot 404, ambalo watu wa Eastlands waliliita Pijo, basi. Mwaka huo wa 1993 Barabara ya Jogoo ilikuwa imefurika magari ya mitumba kutoka Japani, na Pijo za namna ile zilibaki moja moja, kama wazee wa rika lililokwisha.

Giza lilikuwa linaingia. Katika kiwanja cha mafundi, upande wa Makadara, walibaki yeye na Maingi, fundi wa umeme. Shitanda alitaka kufika kwake, mtaa wa Jericho, mapema. Lorine, mtoto pekee aliyebaki hai kati ya watoto wake, alikuwa amemwomba ndizi mbivu, naye alikwisha kuzinunua.

Gari likasimama huku likitoa mvuke. Mwenyewe akashuka: mtu wa makamo, suti ya kijivu, glavu za ngozi mikononi ingawa hapakuwa na baridi.

"Linachemka," alisema. "Litazame."

"Habari za jioni, mzee."

"Sikuja kuamkiana. Mimi ni Chege wa Ng'ang'a, wa Buruburu Phase Two. Utalitazama, ama niende kwa fundi anayejua kazi?"

Maingi akacheka. "Buda, hiyo gari haitaki fundi, inataka pensheni!"

Chege alimkazia macho mpaka kicheko kikamfia mdomoni.

"Basi fungua boneti, mzee," Shitanda alisema.

"Fungua wewe."

Shitanda akafungua. Joto lilimpiga usoni, na ndani ya joto hilo palikuwa na harufu. Haikuwa ya mpira wala ya mafuta. Ilikuwa harufu ya chumba cha mgonjwa... jasho, kafuri, shuka lisilofuliwa.

Alidhani pua yake imechoka. Akaanza kazi kama alivyofundishwa, hatua kwa hatua. Mkanda wa feni ulikuwa umekaza. Pampu ya maji haikuvuja. Alichomoa kijiti cha oili. Oili ilikuwa safi, haikugeuka rangi ya maziwa, kwa hiyo gaskiti inayotenga maji na oili ilikuwa nzima. Kisha akaigusa rejeta, na mkono wake ukasita.

Ilikuwa baridi.

Injini ilikuwa ikitokota, na rejeta iliyo mbele yake ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Kwa fundi, jibu lilikuwa moja. Kuna kidude kinachoitwa thamostati, mlango mdogo wa shaba unaofunguka maji yakipata moto ili yaende kwenye rejeta yakapoe. Huo mlango ulikuwa umekwama.

"Ni thamostati," alisema.

"Sasa?"

Shitanda alishangaa kuulizwa. Hapakuwa na fundi kuanzia Makadara hadi Dandora asiyejua dawa yake. Thamostati hairekebishwi, wala haibadilishwi. Hung'olewa na kutupwa. "Hiyo ni ya nchi za theluji," mafundi husema, na gari huendelea na safari bila mlango.

"Naitoa, mzee."

"Mimi sikukuambia uitoe," Chege alisema polepole. "Nimesema linachemka, basi."

"Najua kazi yangu."

Injini ilipotulia, alilegeza boliti, akaondoa kifuniko, akaingiza vidole. Thamostati ilitoka kwa shida, kana kwamba kuna kitu kinaivuta kutoka ndani. Ilikuwa imezungushiwa uzi mweupe, na katika uzi huo zilisukwa nywele. Nywele laini, za mtoto.

"Umeitoa?" Chege alinong'ona.

"Nimeitoa."

"Kwa mkono wako mwenyewe?"

"Kwa mkono wa nani mwingine?"

Chege akashusha pumzi ndefu. Hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza, kicheko kifupi na kikavu. Kifuniko kilirudishwa, maji yakaongezwa, gari likawashwa. Sindano ya joto ililala chini kabisa, haikusogea. Chege alitupa noti mbili juu ya boneti ya gari la jirani, akaondoka bila kugeuka.

"Huyo buda ana madharau," Maingi alisema.

Shitanda alikuwa amekidumbukiza kile kidude katika mkebe wa maji kukisafisha, maana shaba haitupwi. Sasa alikuwa akiyatazama yale maji.

Yalikuwa yanafuka moshi.

Kisha mapovu. Kwanza madogo madogo... halafu makubwa. Mkebe ulianza kutetemeka juu ya meza. Hapakuwa na moto popote.

"Shitanda," Maingi aliita kwa sauti ndogo. "Hiyo nini?"

Ndipo Kageha, mke wa Shitanda, alipotokea kwenye lango la kiwanja akikimbia, miguu mitupu, kanga mkononi.

"Baba Lorine! Njoo! Mtoto anaungua!"

"Anaungua vipi? Asubuhi alikuwa mzima!"

"Hata saa hii jioni alikuwa akicheza uani. Ameanguka ghafla. Nimemwekea kitambaa cha maji, kimekauka nikikiangalia. Na anasema maneno..." Kageha alishika kifua. "Anasema, 'Baba amenifungulia mlango. Mwambie aufunge.'"

Mkebe ulipasuka kwa mlio mdogo. Maji ya moto yakamwagika miguuni pao.

Maingi alikuwa amerudi nyuma mpaka ukutani. Mzaha wote ulikuwa umemtoka. "Irudishe," alisema. "Ndugu yangu, irudishe ilikotoka. Mimi siwezi kuigusa. Aliyetoa ndiye anayerudisha. Hata kwetu ni hivyo."

Shitanda aliifunga katika tambara, akachukua spana na kibuyu cha maji, akakimbia. Thamostati ilimchoma kiganja kupitia tambara. Hakuiachia.

Haikuwa vigumu kuipata Pijo huko Phase Two. Ilisimama uani nyuma ya geti lililo wazi, na Chege alikuwa ameketi mlangoni pake kama mtu aliyemtarajia mgeni.

"Rudi kwenu, fundi."

"Umeleta ugonjwa kwangu."

"Nimeleta gari. Ugonjwa umeuchukua mwenyewe, kwa mkono wako. Nilikuuliza, ukajibu."

"Mtoto wangu hana kosa nawe!"

"Na wangu alimkosea nani?" Chege aliinuka. "Toka hapa kabla sijaita polisi."

"Ita. Waambie fundi amekuja kukurudishia kifaa chako."

Alifungua boneti. Chege alimrukia, akamkaba shingo kwa nyuma, na Shitanda, kwa kujitetea tu, akainua mkono wenye tambara. Chege alipoona kilichomo aliruka nyuma kama aliyeona nyoka. Hakukaribia tena. Glavu au bila glavu, hakuthubutu.

Mlango wa nyumba ukafunguka. Mwanamke akatoka amebeba msichana mdogo, mwembamba kama ufito, kichwa kimenyolewa kipara. Msichana alikuwa amelala, uso umetulia, jasho limekauka.

"Fundi," mwanamke alinong'ona. "Anaitwa Kate. Tangu mvua za Aprili hajalala hivi. Kile kitu kikiwa ndani ya gari tunaweza kumshika mkono tu, tena kwa glavu, hatuwezi kumbeba kwa joto. Leo nimembeba. Tafadhali."

Shitanda alimtazama yule mtoto. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko alivyotaka.

Kisha akainama juu ya injini.

Aliingiza thamostati mahali pake, uzi na nywele vyote. Iliingia yenyewe, kwa pupa. Akaweka kifuniko. Akajaza maji. Akakaza boliti ya kwanza, na nyuma yake mtoto akapiga chafya. Akakaza ya mwisho.

Kate alianza kulia.

Mama yake alipiga yowe, akamlaza chini haraka kama mtu aliyeshika sufuria bila kitambaa. Injini ilikuwa imezimwa, ufunguo uko mfukoni mwa Chege, lakini chini ya boneti maji yalianza kutokota.

Shitanda hakugeuka. Alitembea mpaka nje ya geti, halafu akakimbia.

Jericho alimkuta Lorine ameketi kitandani, anakula ugali wa jana, analalamika kwamba hauna mboga. Kiganja cha mkono wake wa kuume tu kilikuwa na lengelenge, na hakuna aliyejua lilitoka wapi.

Habari za nyumba ile hazikumfikia tena, naye hakuzitafuta. Maingi alisema aliiona Pijo ikivutwa kwa kamba kuelekea Dandora. Siku nyingine alisema aliiona Thika, imepakwa rangi mpya. Maingi husema mengi.

Ila tangu jioni ile, mteja akileta gari linalochemka, Shitanda haanzi na mkanda wala pampu. Hufuta mikono, akamtazama usoni, akauliza:

"Kwenu nani mgonjwa?"

Wengi hucheka. Humwambia fundi amezeeka, akili inaruka.

Wiki iliyopita kijana mmoja mwenye Datsun hakucheka. Alifunga boneti taratibu, akaingia garini, na kuuliza kupitia dirishani fundi mwingine wa karibu yuko wapi.