Korongo wa Ng'washi na Ndege ya Alhamisi

Kila asubuhi Ng'washi aliwahi mwaloni, pale ziwani mitumbwi inaposhusha samaki. Kazi yake ilikuwa mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki kiwandani baada ya minofu kutolewa. Aliyanunua, akayaosha, akayaanika juu ya chanja, kisha akayakaanga na kuyauza. Matumbo na vipande vilivyooza alivitupa kwenye rundo nyuma ya chanja.

Rundo halikumsumbua. Walikuwepo korongo, wale wakubwa wenye kipara na mfuko unaoning'inia shingoni. Walikuwepo na mwewe. Walikula kutwa.

"Hao ndio wafagizi wangu," alipenda kusema. "Wananiibia na mapanki, lakini nani haibiwi na wafanyakazi wake?"

Uwanja wa ndege ulikuwa karibu. Ndege za abiria zilipita juu ya mwalo zikienda kutua. Wanawake walishazoea kelele. Walinyamaza kidogo, ndege ikapita, wakaendelea na umbea pale pale walipouachia.

Lakini wiki moja kelele hizo zilianza kumtia Ng'washi wasiwasi. Binti yake, Selina, alikuwa Dar es Salaam na mtoto wake mchanga, Masalu. Masalu alikuwa amefanyiwa upasuaji wa moyo. Daktari alisema asirudi kwa basi, njia ni ndefu mno kwake. Wangerudi kwa ndege, Alhamisi asubuhi.

Jumatatu ndege moja ilikuja kutua. Magurudumu yalishatoka. Mara mbwa akalivamia rundo, na korongo wote wakainuka kwa pamoja. Ng'washi aliona ndege ikiinua pua. Injini ziliunguruma hadi chanja ikatetemeka. Ndege ikapanda, ikakata kona juu ya ziwa, ikaenda.

"Mbona imeghairi?" aliuliza Malimi, mwenzake wa chanja ya pili.

Ng'washi aliifuata ndege kwa macho. Mikono yake ilikuwa ndani ya beseni, haisogei. Ndege ilizunguka, ikarudi, ikatua salama. Lakini yeye aliwaza jambo moja tu. Ingekuwa Alhamisi je?

Mchana alikuja Modesta, jirani yake. Modesta alifanya kazi uwanja wa ndege, upande wa usalama. Alihakikisha wanyama hawaingii kwenye njia ya ndege.

"Shikamoo, mama Selina."

"Marahaba. Ile ndege ya asubuhi ilipatwa na nini?"

"Ndicho kilichonileta. Rubani aliona korongo mbele yake, akapanda tena. Alifanya vizuri. Lakini korongo wenyewe wametoka hapa kwako."

"Kwa hiyo umekuja kunifukuza."

"Nimekuja kuongea. Ningekuwa wa kufukuza nisingeanza na shikamoo."

Malimi akadakia, "Sasa hiyo ndege si ingekwepa tu? Ina mabawa kama wao. Mwewe nikimrushia fimbo, anakwepa kabla haijafika."

Modesta alichukua ungo, akampa Ng'washi. Upepo ulikuwa unavuma kutoka ziwani.

"Ushike mbele yako, ungo ulale bapa. Sasa inua kidogo ukingo unaoelekea upepo."

Ungo ulitaka kupanda. Ng'washi akaukaza kwa mikono miwili. "Unanivuta juu."

"Hilo ndilo bawa. Linausukuma upepo chini, na upepo unaliinua. Haya, inua ukingo zaidi."

Ungo ulitetemeka, ukamsukuma nyuma. Nusura Ng'washi akae kwenye beseni. Malimi alicheka hadi akashika kiuno.

"Ukizidisha, upepo haukubebi tena," Modesta alisema. "Rubani anaiogopa hali hiyo. Korongo naye anaijua."

"Korongo na ndege wapi na wapi?" aliuliza Malimi.

"Wanahusiana sana. Zamani watu walijifunga mabawa mikononi, wakayapigapiga, wakaanguka. Kifua cha mtu hakina nguvu hiyo. Baadaye kuna Mjerumani mmoja aliyekaa miaka akiwatazama korongo. Aliona wanaelea bila kupiga bawa. Aliona bawa lao limebinuka kidogo kwa juu. Akatengeneza mabawa ya namna hiyo, na akaelea kutoka kilimani. Waliounda ndege baadaye walijifunza kwake. Mtazameni yule anayeshuka."

Korongo mmoja alikuwa anarudi rundoni. Alikuja akiuelekea upepo. Alitanua mabawa, akashusha manyoya ya nyuma, akatanguliza miguu.

"Ndege ya abiria inatua hivyo hivyo," alisema Modesta. "Vipande vya nyuma ya bawa vinashuka ili iende polepole bila kuanguka. Magurudumu yanatoka. Nayo inauelekea upepo."

"Kama walimwiga hivyo vyote, wangeiga na kukwepa," alisema Ng'washi.

"Hawakuweza. Bawa la korongo linambeba na linamsukuma. Analikunja, analipinda, anageuka anavyotaka. Bawa la ndege linabeba tu. Kusukuma ni kazi ya injini. Ndege ni nzito na ina kasi, haiwezi kugeuka kama mwewe. Tena injini inavuta hewa kwa mbele. Korongo akivutwa humo, injini inaweza kuharibika."

"Ikiharibika?"

"Ndege kubwa inaweza kuruka kwa injini moja iliyobaki, na marubani wamefundishwa. Ila karibu na ardhi, nafasi ya kurekebisha ni ndogo."

Ng'washi alilitazama rundo. Alilitazama muda mrefu.

"Kumbe nawalisha mimi," alisema. "Niambie cha kufanya kabla ya Alhamisi. Niwatilie sumu?"

"Usithubutu. Sumu itaua na mbwa na watoto. Na ukiwafukuza penye chakula watarudi. Ondoa chakula. Chimba shimo refu, kila siku taka ziingie humo na zifukiwe. Chanja zifunike kwa nyavu kuukuu. Na ndege ikikaribia, msiwashtue hao korongo. Waacheni chini."

"Nichimbe shimo kwa ajili ya mjukuu wako?" Malimi alimuuliza Ng'washi.

"Chimba kwa ajili ya mapanki yako. Jana mwewe alibeba mangapi?"

Malimi aliitazama chanja yake. "Jembe liko wapi?"

Walichimba hadi jioni. Kesho yake walilifukia rundo lote, wakaomba nyavu zilizochakaa kwa wavuvi, wakafunika chanja. Korongo walisimama pembeni kama watu waliofungiwa ofisi. Jumatano walibaki wachache. Usiku huo Ng'washi hakulala vizuri.

Alhamisi aliondoka nyumbani na gauni zuri kwenye mfuko, apitie mwaloni kisha aende uwanjani. Hakwenda. Korongo mmoja alikuwa amesimama juu ya udongo mpya, anadonoa. Ng'washi aliogopa kumwacha. Aliogopa pia kumfukuza. Akasimama tu, mfuko mkononi.

Mlio ukasikika. Ndege ikatokea juu ya ziwa, magurudumu nje.

"Usisogee," alimwambia Malimi kwa sauti ya chini.

"Sijasogea. Wewe ndiye unayetetemeka."

Korongo alidonoa tena, hakupata kitu. Akatembea taratibu hadi majini. Ndege ikapita juu yao, ikashuka, ikaendelea kushuka. Kisha mlio ukafifia upande wa uwanja.

Simu iliita baadaye kidogo.

"Mama, tumetua. Mbona hatukuoni?"

"Masalu?"

"Amelala njia nzima. Uko wapi?"

"Nilikuwa huku, nawasubiri," alisema Ng'washi.

Malimi akamsukuma kuelekea njiani. "Nenda bwana. Taka za leo nitazifukia mimi. Tangu tufunike nyavu sijaibiwa hata kipande."

Ng'washi alikwenda na nguo zake za kazi, gauni likabaki kwenye mfuko. Pale uwanjani Selina alikunja pua, kisha akampa mtoto. Ng'washi alifuta mkono vizuri, akauweka kifuani kwa Masalu. Moyo wa mtoto ulikuwa unapiga taratibu. Wa bibi ulikuwa bado unakimbia.