Mgomba Chini ya Ukuta wa Bwawa

Siku za kazi Joash Ogutu alikuwa seremala. Alipanda baiskeli kutoka Kabiria hadi karakana moja katikati ya mji, akatengeneza meza za ofisi. Jumapili alikuwa nahodha. Aliunda mashua kwa mikono yake mwenyewe, akawavusha watu bwawani kwenda kanisani ng'ambo. Bila mashua, walizunguka mbali hadi darajani.

Bwawa hilo lilijengwa ili kuzuia mafuriko. Maji ya mvua yalisimama nyuma ya ukuta, yakatoka polepole kwa bomba, yasibebe mashamba na nyumba zilizo chini. Mvua ikizidi nguvu ya bomba, maji yalipita juu ya ukuta.

Jumapili moja ya Aprili 1958 mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Joash alifika ukingoni na mkewe Selpher, na mtoto wao Ajwang.

"Leo tutapita karibu na ukuta," alisema. "Tazama, katikati kuna mawimbi. Kule ukutani maji ni laini kama ubao uliopigwa randa."

Joash alizaliwa kando ya ziwa, huko Nyanza. Kwao, mawimbi ndiyo yaliyoua watu. Maji yaliyotulia yalikuwa salama. Hivyo ndivyo babake alivyomfundisha.

"Baba Ajwang! Usitie mtoto humo!"

Aliyeita ni jirani yao Wangeci, ambaye watu walimwita Mama Mungai. Shamba lake lilikuwa chini kidogo ya ukuta.

"Mama Mungai, mimi nimekulia majini," Joash akamjibu. "Maji ni maji. Ama haya ya Kabiria yanaongea Kikuyu?"

"Yanaongea, na wewe hujajifunza."

Selpher alicheka, lakini hakupanda. Alimfunga mtoto mgongoni.

Wangeci alikata mgomba kwa panga, akausukuma majini. Kwanza ulielea tu. Kisha ukaanza kwenda, moja kwa moja kule maji yalikokuwa laini. Ukashika kasi, ukatoweka.

"Umeenda zake mtoni," Joash alisema.

"Njoo uone."

Waliteremka. Chini ya ukuta kulikuwa na povu jeupe, na mgomba ulikuwa humo. Ulizama, ukaibuka, ukaanza kuondoka. Povu likaurudisha ukutani, ukazama tena.

"Maji yanapoanguka yanapiga mbizi," Wangeci alieleza. "Yale ya juu yanarudi nyuma, ukutani. Kinachoelea kinarudishwa nayo. Mbuzi wangu alikwama hapa mwaka jana, na alijua kuogelea."

"Na kule juu?" Selpher aliuliza.

"Kule ni laini kwa sababu maji yote yanakimbilia upande mmoja. Ukiwa ndani ya mashua huoni maporomoko. Unaona mstari tu. Ukisikia ngurumo, kasia halikusaidii tena."

Joash alingoja mgomba utoke. Haukutoka.

"Baba hakuniambia haya," alisema.

"Ziwa la babako halikuwa na ukuta."

Siku hiyo walikwenda kanisani kwa miguu.

Kesho yake, baada ya kazi, Joash alinunua mjini majaketi ya kuelea yaliyojazwa sufi, pamba nyepesi ya mti wa msufi. Aliihamisha mashua hadi mwanzo wa bwawa, mbali na ukuta. Yeye na majirani walivuta kamba nene kutoka ukingo hadi ukingo, wakaning'iniza madebe matupu yaliyozibwa na kupakwa rangi nyekundu. Wakakubaliana: mashua isivuke kamba hiyo. Abiria asipande bila kufunga jaketi. Na maji yakipita juu ya ukuta, mashua isiingie majini kabisa.

Jumapili iliyofuata maji yalikuwa bado yakipita. Wanakwaya walimkuta Joash ameipindua mashua nyasini na kuifunga kwa mnyororo.

"Ogutu, tumechelewa!" alifoka Tobias, kiongozi wao. "Nahodha gani huyu anayeogopa maji yaliyolala?"

Joash alimshika mkono, akamteremsha hadi chini ya ukuta. Mgomba ulikuwa bado unazunguka. Maganda yake yote yalikuwa yamechunwa.

Tobias alitazama. Kisha akainama, akavua viatu vyake vya Jumapili.

"Njia ya darajani ina matope," alisema. "Twende."

Kwaya iliimba ikiwa imechelewa, na hakuna sauti iliyokosekana.